Meli Niliyoiuza Molo

Siku tulipomzika Mama Ciku kule Molo, Musa alipewa kipaza sauti azungumze kama mtu aliyemjua marehemu tangu zamani. Badala ya kumzungumzia marehemu, akanizungumzia mimi. Alininyooshea kidole pale nilipoketi, chini ya hema ambalo ni mimi nililipia, akawaambia waombolezaji, "Mnaona huyo tajiri wa pikapu? Mimi ndiye nilimfundisha kuchagua meli." Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini, kwa sababu Musa ana sauti ya kuchekesha na Molo haina bahari. Mimi nilitabasamu kwa vile mke wangu alikuwa amenikanyaga mguu, lakini ndani nilikuwa nachemka. Niliporudi nyumbani Kiamunyi nikafunguliwa na geti yangu, ile inayojifungua yenyewe, niliketi mezani na suti ya mazishi bado mwilini, nikaanza kuandika sura hii ya kitabu cha maisha yangu kabla ya zile zingine zote. Sitaandika nilizaliwa wapi wala baba yangu alilima nini. Hayo hayakunisaidia. Darasa la saba nililiacha katikati na sijawahi kurudi kulitafuta. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule ambao Musa anafikiri ni wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, utingo wa lori ya Mzee Josphat, mkulima mkubwa wa viazi na mzee wa kanisa. Musa ndiye alikuwa dereva. Sisi sote tulimwita Dere. Kazi yangu ilikuwa kupakia yale magunia yenye kilemba, yaani gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa wavu juu na kuongezewa viazi vingine mpaka linakaa kama mtu aliyejifunga kitambaa kichwani. Nilipakia, nikafunga turubai, nikapanda nyuma. Tukisimama mlimani, niliruka chini na gogo na kulisukuma chini ya gurudumu kabla lori haijaanza kurudi nyuma. Mikono yangu mpaka leo ina alama za hilo gogo, na sioni haya kumwonyesha mtu. Lakini mwaka huo nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, na kila mtu Molo alikijua: usukani wa ile lori. Musa alikuwa amepata kazi ya kuendesha trela ya kampuni fulani kubwa, angeondoka mwaka ukiisha, na Mzee Josphat angemuuliza yeye ni nani anafaa kuachiwa. Leseni nilikuwa nayo. Tukitoka Nakuru bila mzigo, tukishapita mlima wa Sachangwan, Musa alinipa usukani mpaka karibu na mji, kisha tunabadilishana kabla mzee hajatuona. "Hiyo lori nitakuombea, Samu," alikuwa akiniambia huku amefunga macho, miguu juu ya dashibodi. "Wewe nibebee blanketi tu." Nikambebea blanketi. Nikamfulia soksi. Nikamnunulia sigara, ananiambia hiyo si aina yake, narudi dukani.

Mahali tulipokula palikuwa kwa Mama Ciku. Kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara ya kuingia mjini, kuta zimebandikwa magazeti ya zamani ili upepo usipite, na upepo ulipita tu. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi mawili, meza ndefu yenye plastiki ya maua, na jiko kubwa la makaa ambalo Mama Ciku alilikalia kama askari wa zamu. Chapati zake zilikuwa nzito, maharagwe yake yalikuwa na mafuta ya kutosha, na chai yake ilikuwa ya maziwa matupu kwa sababu Molo maziwa ni rahisi kuliko maji moto. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kingine kidogo, kilichopata joto la jiko kupitia ukuta. Humo ndani marehemu mume wake alikuwa amemwachia kompyuta moja, kubwa kama televisheni ya chifu, na ndani ya kompyuta mchezo mmoja wa maharamia wa baharini. Nani aliuweka hakuna aliyejua. Maandishi yote yalikuwa Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza tulikuwa tunakiona kwa mbali kama Mlima Kenya siku ya mawingu. Lakini mchezo tuliuelewa kuliko waliouandika, huo ndio ukweli.

Sheria ya Mama Ciku ilikuwa sahani moja, nusu saa. Ukila sahani nzima unapita nyuma ya pazia, unacheza mpaka agonge ukuta na mwiko. Usipokula, hupiti. "Wewe utingo," aliniambia siku moja nilipoagiza chai peke yake, "unakula kama ndege halafu unataka kucheza kama ndovu. Rudi benchi." Na kwa sababu kompyuta ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi, madereva, matingo, wapakiaji wa sokoni, hakuna aliyekuwa na mchezo wake. Tulikuwa na nahodha mmoja. Aliyeinuka kwenye kiti alimwachia mwenzake meli zote, mabaharia wote, na maadui wote aliowachokoza. Unaweza kuondoka umeacha mambo yakiwa mazuri, ukarudi kesho ukute mpumbavu fulani amekosana na magavana wote na hakuna bandari inayowakubali. Ila kulikuwa na mkataba ambao haukuandikwa popote: aliyeiteka meli, hiyo ni yake. Wengine wataitumia, wataipeleka vitani, lakini kuiuza ni yeye tu anaweza. Watu walikuwa wakiamkuana kwa meli zao. Mtu anaingia amelowa mvua, kabla hajaagiza chakula anauliza, "Yangu iko?" Na mwenzake anajibu, "Iko, lakini tanga limetoboka."

Majina ya Kiingereza ya zile meli yalitushinda, kwa hivyo tulizipa ya barabarani. Zile ndogo za tanga moja au mawili, zinazokata kona kama panya, tuliziita pikapu. Za katikati, zenye mizinga ya kutosha na mwendo wa kutosha, tuliziita landrova. Na zile kubwa za kubeba mzigo, zilizojaa kuanzia chini mpaka juu, tuliziita trela. Mchezo ulikuwa hauruhusu kundi lizidi meli sita. Hapo ndipo ugomvi ulianzia, kwa maana kila mtu alitaka yake iwe katika hizo sita. Madereva wa lori walipenda trela, na mimi naelewa kwa nini. Mtu ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa kubeba gunia moja zaidi ya mwenzake hawezi kuona tumbo kubwa la meli akaacha kulitamani. Walikuwa wakizichagua meli kwa macho ya mtu anayepakia viazi. Wanauliza inabeba nini, hawaulizi inafika lini.

Mimi niliketi kwenye kile kiti nikaangalia. Nasema bila kujisifu bure: niliona kitu ambacho wanaume wenye ndevu hawakukiona. Kundi la meli linakwenda mwendo wa ile iliyo nyuma kabisa. Hata uwe na pikapu tano zinazoruka, ukiongeza trela moja, zote sita zinatembea kama mama mjamzito anayepanda Sachangwan. Na upepo ukija usoni, trela husimama kabisa, inajigeuzageuza hapo kama ng'ombe kwenye matope huku adui anakuja. Kitu cha pili, mizinga haijiwashi yenyewe. Trela ya Musa ilikuwa na mizinga arobaini, na mabaharia tulionao hawangetosha kuwasha hata nusu. Kwa hivyo ile mizinga ilikuwa mapambo, na mapambo yana uzito. Kitu cha tatu, watu wakikaa baharini muda mrefu wananung'unika, wanakula akiba, halafu wanatoroka bandarini wakikosa mgao. Mwendo ukiwa mdogo, manung'uniko yanazidi. Nikawaambia pale benchi, "Tukiwa na pikapu tatu na landrova mbili, hakuna meli katika hii bahari itatushika, na hakuna itatukimbia. Trela tukiteka, tunaitoa mzigo, tunaiuza bandari ya kwanza. Hatulali nayo." Wapakiaji wa sokoni walikubali. Tito, shemeji yake Musa, ambaye alikuwa akishinda hapo bila kazi na kila mara anaomba kumaliziwa sahani, alisema, "Sikieni utingo akituambia mambo ya magari." Musa hakunitazama. Aliendelea kuvunja chapati. "Siku utakuwa na chako," alisema, "utachagua. Sasa hivi wewe ni mtu wa gogo."

Hiyo trela yake alikuwa ameiteka yeye kweli, sitamnyima. Alipigana nayo sahani mbili mfululizo, akalipia ya pili kwa jasho la uso, watu wamejaa nyuma ya pazia mpaka Mama Ciku akaogopa ukuta utaanguka. Ilikuwa imejaa sukari. Tangu siku hiyo akawa haondoki kwa kile kibanda bila kuingiza kichwa kuiona. Alikuwa akiwaambia madereva wageni, "Hiyo kubwa ni yangu," kwa sauti ambayo hakuwahi kutumia kwa mtoto wake. Na kila aliyecheza baada yake aliiburura. Tulipigwa. Tulifukuzwa. Pikapu mbili zilizamishwa kwa sababu zilikuwa zikiingoja. Moja ilikuwa yangu. Niliiona ikienda chini, mlingoti ukiwa wa mwisho, na Musa nyuma yangu akasema, "Pole, hizo ndogo huwa hazidumu."

Halafu Musa akasafiri. Mzee Josphat alimtuma Eldoret na mbegu, na safari hiyo alimchukua Tito awe utingo wake, mimi nikaachwa ghalani nichambue viazi vilivyooza. Hiyo peke yake ingenitosha kujua upepo umeanza kuvuma wapi, lakini sikujua. Adhuhuri nilienda kwa Mama Ciku, nikala sahani nzima ya githeri, mahindi na maharagwe, nikapita nyuma. Nikakuta kundi letu limejificha kwenye ghuba ndogo, chakula cha mabaharia kimekwisha, ile alama nyekundu ya mabaharia wanaonung'unika imewaka, na meli mbili za kivita za adui zinazunguka nje. Trela ilikuwa imeshindwa kutoka kwa upepo. Nikajaribu mara ya kwanza, tukarudishwa. Nikajaribu kupita kando ya kisiwa, tukafika bandari moja ndogo tukiwa tumebaki na meli nne. Mabaharia walikuwa karibu kutoroka wote. Mmoja wa wapakiaji aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Boss, hii ikipotea leo, mchezo mzima umeisha. Tutaanza upya na mtumbwi." Gavana wa hiyo bandari alikuwa ananunua meli. Nikaweka kipanya juu ya trela. Yule mpakiaji akasema, "Ngoja Dere arudi." Nikamwambia Dere akirudi atapata kaburi. Nikaiuza. Nikanunua chakula, nikaongeza mabaharia, nikatengeneza matanga ya landrova, nikatoka mle bandarini upepo ukiwa mgongoni, na zile meli mbili za kivita nilizifuata mimi sasa. Niliwapasua matanga kwa risasi za minyororo, moja baada ya nyingine, na kabla mwiko haujagonga ukuta tulikuwa na landrova mpya na hazina ambayo hakuna mtu pale aliwahi kuiona. Watu walinipiga mgongo mpaka nikakohoa. Mama Ciku mwenyewe aliinua pazia kuona kelele ni ya nini, akaniongezea kikombe cha chai. Nasema hivi leo na nitasema kesho: hakuna kundi la meli lililowahi kupangwa vizuri kama lile, Molo au kwingine.

Musa alirudi kutoka Eldoret na kiu ya kuiona. Aliingia na Tito, akaagiza chapati na maharagwe, akala akiwa mchangamfu, akatuhadithia juu ya barabara. Kisha akapita nyuma. Nilikuwa benchi, na nikasikia kiti kikilia alipoketi. Nikasikia kipanya kikibofya, kinarudi, kinabofya tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mara ya pili. Akatoka. Alisimama kwenye pazia na kuuliza taratibu kabisa, "Trela yangu iko wapi?"

"Niliiuza," nikasema.

"Nani alikuambia uiuze?"

"Hakuna, Dere. Ilikuwa inatuchelewesha. Angalia tulichopata. Angalia hazina."

Hakuangalia hazina. Alinitazama mimi, halafu akatazama kikombe changu, halafu akasema, "Sawa." Akavaa koti, akatoka. Tito akachukua chapati iliyobaki kwenye sahani ya Musa, akaikunja, akaniambia akitafuna, "Bro, umejimaliza."

Angenigombeza ningemshukuru. Angenipiga, tungepigana na yangeisha hapo hapo, nilikuwa na nguvu. Lakini yeye alichagua ile "sawa" na akakaa nayo. Kuanzia siku hiyo sikuingia kwenye kabini. Mvua inyeshe, barafu iangukie viazi, mimi nilikuwa juu ya turubai na Tito alikuwa ndani akisikiliza redio. Usukani sikuuona tena. Tukifika mlimani alikuwa akisimamisha ghafla bila kuashiria, niruke na gogo gizani kwa moshi, na nikichelewa kidogo ananiuliza kupitia dirisha, "Ulikuwa unauza nini huko nyuma?" Tito anacheka mpaka analala kwa mlango. Nilivumilia. Kila mtu aliniambia niombe msamaha, hata yule mpakiaji aliyekuwa ananipiga mgongo. Niombe msamaha wa nini? Nilikuwa nimeokoa meli za watu wote, yake tu ndiyo ilikuwa imetuua. Nilijiambia Musa ni mwanaume, ana hasira, lakini mzee akimuuliza swali la kazi atajibu la kazi. Huo ndio ujinga pekee wa mwaka ule ninaoukubali, na haukuwa wangu peke yangu. Kila kijana huamini kwamba mkubwa wake ana masanduku mawili kifuani, moja la hasira na moja la kazi.

Mzee Josphat alikuja kwa Mama Ciku alasiri moja ya Jumamosi. Hakuwa mtu wa vibanda, kwa hivyo nilipoisikia sauti yake nilikuwa nyuma ya pazia, katikati ya nusu saa yangu, nikaacha mkono juu ya kipanya na kutulia. Mbao za ule ukuta zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Nilimwona akifuta benchi na leso kabla ya kuketi. Musa akamwagizia chai, akamwita "baba," jina ambalo hakuwahi kumwita.

"Unaniacha, Musa," mzee alisema.

"Naondoka na baraka zako, baba."

"Lori nitampa nani? Wanasema huyu kijana Samwel ana leseni. Wewe umekaa naye. Anaweza?"

Musa alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Kuendesha anaweza. Sitakudanganya. Mkono anao."

"Basi shida iko wapi?"

"Shida si mkono. Juzi nilisafiri, nikarudi nikakuta ameuza kitu yangu."

"Kitu gani?"

"Kitu kubwa, baba. Kitu nilipata kwa jasho. Na watu wako hapa wanajua ni yangu, waulize. Hakuniuliza hata kidogo. Nikimuuliza ananiambia ilikuwa inamchelewesha."

Nilisikia mwiko wa Mama Ciku ukiacha kugusa sufuria. Mzee aliuliza, "Ni kweli, mama?" Na Mama Ciku, niliyemlipia hema na ng'ombe wa watu kula, akajibu, "Mambo ya kuuza, ni kweli aliuza." Basi.

Nilivuta pazia nusura liraruke. "Mzee, ni mchezo," nikasema. "Ni meli ya kompyuta. Si kitu. Kuja uone."

Mzee Josphat akainuka, polepole, akaingia kile chumba, akainama mbele ya kompyuta na mikono mgongoni. Pale kwenye skrini bendera yetu ilikuwa inapepea, nyeusi, na lile fuvu na mifupa. Meli ya watu ilikuwa inaungua. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni maharamia, mzee. Wezi wa baharini."

"Na wewe uko upande gani?"

Ningesema nini? Nikasema, "Hao."

"Na Musa?"

Nikageuka kwa Musa. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuleta habari ya msiba. Ule mwaka wote, zile sahani zote, ule uso aliokuwa nao siku ya ile trela ya sukari. Akasema, "Mimi hapa hupita tu kula, baba. Hizi vitu za vijana sijui."

Nikamwambia mzee amuulize Mama Ciku. Mzee akamuuliza, ni kweli Musa hucheza hii kitu? Mama Ciku alikuwa amerudia sufuria yake. Nyuma ya Musa walikuwa madereva wote wa barabara ile, yeye ndiye aliyekuwa akimletea hao wateja, na mimi nyuma yangu hapakuwa na mtu hata mmoja. "Mzee," alisema bila kugeuka, "hapa hupita watu wengi."

Mzee Josphat hakunikasirikia, hilo ndilo lilikuwa baya. Aliuliza swali moja tu, kwa upole. "Hiyo meli ya mwenzako uliuza kwa nini?"

"Ilikuwa nzito, mzee."

"Hata lori yangu ni nzito," akasema. Akamaliza chai yake akiwa amesimama, akaweka kikombe, akatoka. Musa akamfuata akimshikia mwavuli na mvua haikuwapo.

Lori ilipewa Tito. Tito, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hajui kurudi nyuma bila mtu kumpigia mbinja. Jumatatu nilienda kupakia kama kawaida na yeye akaniambia kutoka juu, mkono nje ya dirisha, "Samu, mimi nimekuja na utingo wangu. Si unaelewa." Nikaelewa. Nikateremka Nakuru na nguo ndani ya mfuko wa mbolea, nikalala kwa mtu niliyemjua sokoni, nikavuta mkokoteni. Baada ya mkokoteni nikapata pikapu kuukuu ambayo mlango mmoja ulifungwa na kamba. Wenye malori walinicheka pale pale stejini, wanapongojea mzigo, lakini mimi nilikuwa nishalijua jambo lao. Lori inangoja ijae. Ikijaa inangoja polisi, inangoja breki zipoe, inangoja wapakuaji. Mimi nilikuwa nimefikisha karoti hotelini na kurudi wakati lori bado imeegeshwa na dereva anapiga mswaki. Pikapu moja ikawa mbili. Leo nina kumi na moja na sina lori hata moja, na wenye malori wananipigia simu wakikwama niwaokolee nyanya. Hakuna shule ilinifundisha hiyo. Hakuna mtu alinishika mkono. Vijana hunijia Kiamunyi kuniuliza wanunue gari gani, na huwa nawaambia kitu kimoja, wasinunue gari la kuonyesha shemeji.

Kwa hivyo mtu asiniambie Musa alinifundisha. Kampuni ya trela ilimwachisha kazi baadaye kwa sababu ya macho kuharibika, na sasa anaishi hapo hapo Molo, anafuga kuku. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu barabarani na kupita. Lakini mazishi hayana pa kupita. Baada ya watu kula alikuja mpaka kiti changu, akiegemea fimbo, akaketi bila kuulizwa, na mke wangu akainuka kwenda kusalimia wanawake, nafikiri kwa makusudi. Kaburi lilikuwa linamaliziwa maua. Akasema Mama Ciku alikuwa mtu mzuri. Nikasema alikuwa anajua kupika.

"Samu," akasema, "wacha nikuambie kitu, kwa sababu sisi sote tunaenda huko alikoenda. Ile trela ilikuwa nzito. Nimefikiria mara nyingi. Ulifanya vizuri kuiuza. Wewe ulikuwa na jicho."

Nimengoja hayo maneno tangu nikiwa sina ndevu. Nimeyangoja nikivuta mkokoteni, nimeyangoja nikijenga nyumba, kuna siku nimeamka nikijibu mtu ambaye alikuwa ameyasema. Na sasa yalikuwa hapa, ameyatoa bila hata kuombwa, na ananitazama na yale macho mabovu akitarajia nimshike mkono. Nikaona hapana. Hiyo ya meli mimi nilikuwa naijua tangu siku ile, sikuhitaji shahidi.

"Na ile siku mzee alikuuliza kama wewe hucheza?" nikamwuliza. "Ukasema hupita tu kula?"

Musa akakunja uso. Alitafuta. Nilimtazama vizuri nione kama ananichezea, kwa sababu uongo wake mimi naujua mpaka harufu, na uongo haukuwapo. Alikuwa anajaribu kweli, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuingia.

"Mzee yupi?" akauliza.